Jiwe la Mama Yako Kwenye Msumari

Skola mwanangu,

Salamu sikupi, maana mchana tumekula sahani moja na mfupa umeufyonza wewe. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitaleta utani, wewe utacheka, na treni ya kesho itaondoka neno langu likiwa bado kooni. Wewe na bibi yako mmekwenda kuaga majirani, na majirani wa Makanyagio hawamwachii mtu kabla hajanywa chai. Kwa hiyo nina nafasi. Jua bado liko juu ya bati la mashine ya kusaga, na mimi niko kwenye meza yangu ya gundi, msasa nimeusukuma pembeni.

Ya sabuni, ndoo, kufuli la sanduku na kutokula vya watu njiani ameshakwambia bibi, tena kwa kurudiarudia mpaka kuku wameyashika. Mimi siyagusi. Na usinisahihishe mwandiko. Shule niliacha darasa la tano kwa hiari yangu, walimu walikuwa wamechoka kushindana na mimi.

Hii ni barua ya jiwe. Lile la mama yako, linaloning'inia kwenye msumari ukutani. Jana nilikusikia ukimwambia bibi kwamba kesho utalivaa uende nalo shuleni Tabora. Bibi alinitazama mimi. Nami nikatoka nje kama mtu aliyeitwa, na hakuna aliyeniita.

Kesho hutalivaa. Ngoja kwanza, usinune. Nakujua wewe, ukinuna mdomo unafika Kaliua kabla ya treni. Soma mpaka mwisho ndipo ununue ugomvi.

Watu wakikwambia mawe ya kuvaa hapa Mpanda yaliletwa na wageni wa mbugani, waambie yalianzia kwa baba yako. Sista mmoja wa misheni alikuwa na pakiti ya vishikio, vile vibati vidogo vyenye kitundu unavyobandika mgongoni mwa jiwe ili lipitishwe kamba. Alinionyesha kimoja. Nilikitazama mara moja tu, nikarudi nyumbani nikakata cha kwangu kwenye kopo la mafuta ya kula, nikakikunja kwa koleo, nikakitoboa kwa msumari. Sista alipokiona aliuliza nimekinunua wapi. Nikamwambia Ulaya.

Kung'arisha ndiko kulikonipa jina. Wenzangu walikuwa wanasugua jiwe moja kwa mkono mpaka vidole vinaota sugu. Mimi nilikwenda kwa Baba Denisi mwenye mashine. Nikachukua kopo la rangi, ndani mawe, mchanga na maji, mdomo nimeukaza kwa mpira wa baiskeli, nikalipitishia mkanda wa mashine kupitia gurudumu la baiskeli ili lizunguke polepole. Likizunguka kasi mawe yanaganda ukingoni, hayasuguani. Hilo nalo niligundua mwenyewe. Watu wanasaga mahindi, mimi nasaga mawe, dizeli ya mwingine. Wiki zinapita, unafungua, yanatoka kama yamelambwa na ng'ombe. Nilikuwa natesa, mwanangu. Jumapili shati vifungo viwili wazi, jiwe kifuani, brazameni mwenyewe.

Kuna jambo la kazi hii ambalo sijamwambia mtu, hata yule jamaa wa sokoni anayeniiga na vishikio vyake vikidondoka kila siku. Jiwe likishang'aa pande zote gundi hailishiki. Inateleza. Lazima uligeuze, ulikwaruze mgongo kwa msasa mpaka uzuri wote wa upande ule uishe, ulifute kwa spiriti, halafu usiliguse tena kwa kidole, maana kidole kina mafuta hata kama umenawa. Unachanganya gundi ya mirija miwili kwa njiti ya kiberiti, hii sawa na hii. Unabandika kishikio, unalaza jiwe kwenye sahani ya mchanga ili litulie, unaondoka. Mimi mwanzoni sikuwa naondoka. Jioni ileile nilikuwa navuta kidogo tu, nione kama imeshika. Na ule mvuto mdogo ndio uliokuwa unaharibu. Kwa macho unaona limeshika vizuri. Siku si nyingi liko kwenye mchuzi wa mtu.

Nilifanya hivyohivyo kwa mama yako. Nilikuwa namvuta kidogo, namtania mbele ya watu, nacheka Kirundi chake, nacheka anavyosali na anavyoogopa, nione kama ameshika. Alikuwa ameshika. Nisingekuwa navuta ningejua mapema.

Huko shuleni wasichana wengi watafika wameng'aa pande zote. Wapende tu. Lakini wa kukaa naye mtafute mwenye mgongo uliokwaruzwa.

Sasa nije kwa mama yako. Unakumbuka alivyokupeleka Usevya ukakae na bibi, mama yangu, alipokuwa bado anaishi kule? Ulikuwa mdogo, unang'oa meno. Mwaka ule redio ilisema kwao Burundi kumetulia. Babu yako wa kambi ya wakimbizi ya Katumba, baba yake mama yako Vera, alitoka kule akiwa na nguvu zake akaja kuzeekea huku, na alitaka aone migomba yake kabla hajafa. Mzee asingeweza kwenda peke yake. Vera akasema atamsindikiza, atarudi kabla ya mavuno ya mpunga. Mimi nikamwambia akakae hata na mavuno ya pili, nipumue. Ndivyo nilivyomuaga. Alicheka, akanipiga na kanga.

Kwetu Usevya, wewe unapajua, kuna ile njia panda juu ya mashamba ya mpunga, penye rundo la mawe. Ulipokuwa unapita pale na bibi alikushika mkono usikanyage. Mtu wa kwetu akienda mbali anaokota jiwe analolipenda, la kulitambua hata baada ya miaka, analipulizia pumzi yake, analiweka pale. Akirudi, kabla hajaingia kijijini, analitafuta, analitoa, anakwenda kulitupa mtoni. Ndipo amefika. Kwa hiyo jiwe unaloliona pale lina mtu wake aliye njiani bado. Mimi nilifundishwa hayo nikiwa mdogo kuliko wewe, na niliyaona ni mambo ya wazee wasio na redio.

Vera alipoondoka nyumba ilikuwa kubwa. Nikapanda baiskeli nije kukuona Usevya. Pale njia panda nikapumzika. Na mwanangu, wewe ni fundi wa damu, utanielewa: kila mtu alikuwa amechagua jiwe lake zuri kuliko yote. Jeupe lenye mshipa mwekundu. La kijani kama jani bichi. Jeusi lililozungushwa mstari mweupe kama mkanda kiunoni. Wachimba dhahabu hawajawahi kuona rundo kama lile. Nilijaza mfuko wa mbolea nikaufunga nyuma ya baiskeli, na nikafika kwa bibi yako nikipiga mluzi. Nikamwambia nimebeba mawe ya mtoni.

Mawe yale yalikuwa na tabia. Siku ya kwanza tu Baba Denisi alinifuata nyumbani wakati wa chakula, mikono ina unga mpaka viwiko, akasema nije nichukue kopo langu. Nikamuuliza kwani limevuja. Akasema mashine ameizima, mkanda umesimama, lakini mawe ndani bado yanatembea. Nilimwambia masikio yake yameharibiwa na injini. Tukaenda wote. Nililiweka sikio kwenye kopo. Yalikuwa yanagongana taratibu, tk, tk, kama watu wanaotembea kwenye kokoto bila haraka. Nikasema ni maji yanatulia. Baba Denisi akasema sawa, ni maji, lakini kuanzia kesho kopo likae nje.

Yalitoka mazuri ajabu. Nikayabandika vishikio, nikayauza pale mashineni na stesheni siku za treni. Lile jeusi la mkanda nilikataa kuliuza. Nililivaa mwenyewe.

Mchana mmoja wa jua kali akasimama mbele ya meza yangu mtu mrefu, amevaa koti zito, vumbi limempanda mpaka nyusi. Hakuuliza bei. Alinyoosha mkono juu ya mawe yote, akashusha kidole kwenye lile jeupe la mshipa mwekundu bila hata kulitafuta.

"Hili langu," akasema.

"Mzee, hapa kila anayepita kila kitu ni chake, mpaka nitaje bei."

"Nililiacha njia panda ya Usevya nikienda manamba, kukata mkonge Tanga. Nitolee hicho chuma."

Waliokuwa wanangoja unga wakacheka, na mimi nikishaona watu wanacheka huwa sisimamiki. Nikaeleza sifa za gundi yangu. Nikashika kishikio kwa koleo nikavuta mbele yao. Nikapitisha kamba nikaning'iniza nusu ndoo ya mahindi, ikakaa. Nikamwambia mzee, hata ukifa hiki utazikwa nacho. Watu wakapiga makofi. Yeye alingoja nimalize, akanisogelea, akaongea taratibu kama anayenionea huruma.

"Kijana, umefunga watu."

Nikampa jiwe bure. Niliona nimefanya ukarimu. Akalivaa hivyohivyo na kishikio chake, akageuka kwa miguu kurudi Usevya.

Niliyoyajua baadaye nilielezwa na bibi yako. Nilikuja kukuona, wewe ulikuwa umekaa mkekani unachezea pumba, yeye anapepeta mchele. Akaniambia kuna mtu ameingia kijijini, anasema yeye ni Kasiani aliyeondoka zamani. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Dada akampa maji kwenye kikombe cha wageni, akamuuliza anatokea wapi. Kasiani akamtajia jina la mama yao, akamtajia kovu lake la gotini na lilivyopatikana. Dada akasikiliza yote, akasema kaka yangu yuko manamba, akirudi tutamwona, jiwe lake hajalitoa. Watoto walikuwa wanampita kama wanavyopita kisiki. Wala hakuna mbwa aliyembwekea, kijiji kizima.

Nikacheka. Nikasema mbwa wa Usevya wavivu. Bibi yako akaweka ungo chini.

"Mbwa habwekei mtu ambaye bado yuko njiani," akasema. Halafu akatazama kifua changu. "Na hilo umelitoa wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni hakuna jiwe lenye mkanda. Hilo nililishika mimi, mkono kwa mkono na mkeo, tukienda kuliweka. Alilipulizia mara mbili, moja yake na moja ya baba yake mzee. Hakukwambia kwa sababu alijua utamcheka."

Skola, ningemcheka.

Haukupita muda redio ikabadilisha habari za kule. Ulikuwa mtoto, lakini nafikiri unakumbuka jinsi nilivyoilaza redio kifudifudi. Sisemi jiwe ndilo lililofanya yale. Wengi waliondoka na mawe yao yamekaa mahali pake na hawakurudi, na wengine hata hawajui habari za mawe wakarudi salama. Nimelisema hilo kichwani mwangu mpaka limelainika. Lakini nilikuwa naenda Katumba kila niliposikia kuna watu wameingia, nawauliza. Mwanamke mmoja akaniambia alitembea na Vera njia ndefu wakija huku, babu yako alikuwa ameshafariki. Vera mwenyewe alikuwa mzima, ana nguvu, anaongoza wenzake. Ila kila wakifika njia panda alikuwa anasimama, anainama, anatazama chini kama mtu aliyeangusha kitu. Wenzake wanamwita. Anasema tangulieni, nakuja. Siku moja wakatangulia.

Nikarudi nyumbani nikiwa na nia moja, kutoa kile kishikio na kulirudisha jiwe. Nikachukua kisu. Lakini wiki ileile bibi yako akaniletea kitu amekiokota penye lile rundo la mawe, Kasiani hayupo tena wala hajulikani alikoelekea. Ilikuwa kamba yangu, fundo langu, kishikio changu. Gundi ilikuwa haijaachia. Ilikuwa imeshika ngozi ya jiwe, nyembamba kama ganda la yai, na mshipa mwekundu ukipita katikati. Mzee alikuwa amevuta mpaka jiwe likachunika. Nikaweka kisu chini. Nikapigilia msumari ukutani, nikalitundika jiwe la mama yako pale, na sikulivaa tena.

Lingine unalijua wewe. Ulipokuwa na homa ulikuwa unataka uwekewe shavuni. Unasema la mama lina joto. Nilikwambia ni ukuta, unapigwa na jua. Ukuta ule haupigwi na jua, Skola, uko upande wa ndani na hauna hata ufa. Kila siku nikiligusa lilikuwa na joto la kitu kilichovuliwa shingoni sasa hivi. Na nilikuwa naliacha pale kwa sababu nilijiambia, maadamu lina joto, yuko. Hayo ndiyo makosa yangu makubwa kuliko ya mfuko wa mbolea. Nilipenda joto lake ukutani nikaacha kutafuta namna ya kumfungua.

Halafu juzi ukapiga pasi sare zako. Ukaiweka pasi ya mkaa juu ya kasha langu la mawe, ukasahau, ukaenda kuchota maji. Uliporudi ukakuta vishikio vimelala kando, mawe peke yake, ukaja kuniomba msamaha machozi yanakulenga. Ukashangaa sikukugombeza. Miaka yote nimevuta kwa koleo na kuchokonoa kwa kisu, na kumbe gundi ile inaachia kwa joto la taratibu tu, bila kuvutwa. Fundi mkubwa wa Makanyagio amefundishwa na pasi ya mtoto. Usimwambie jamaa wa sokoni.

Leo mlipotoka tu nimewasha jiko. Nimeweka mchanga kwenye sufuria, nimelifukia jiwe la mama yako katikati, moto mdogo, nimekaa. Sikuchungulia. Sikuvuta. Mchanga ulipoanza kutoa harufu ya bati la moto nikaingiza koleo, na kishikio kikaja chenyewe kama jani lililoiva. Kimeniunguza kidole, alama utaiona. Nikalichota jiwe na kijiko nikijua litaniunguza zaidi.

Lilikuwa baridi. Limetoka kwenye mchanga unaofuka moshi na lilikuwa baridi, Skola, tena limelowa. Si maji ya kumwagikiwa. Vitone vidogo, kama jiwe lililolala kwenye nyasi usiku kucha na mtu amepita alfajiri amelisogeza kwa mguu.

Kwa hiyo ndiyo sababu hutalivaa. Kesho treni ikishaondoka na wewe mimi napanda baiskeli kwenda Usevya. Nalirudisha pale alipoliweka. Na haya mengine yaliyobaki nitayafungua kwa mchanga, moja moja, niyarudishe pia. Yaliyouzwa siwezi. Yako kwenye shingo za watu nisiojua walikoshuka.

Nawe leo kabla hujalala toka uani uchague jiwe lako. Zuri au baya, shauri yako. Lipulizie. Bibi anasema mzazi anaweza kumwekea mtoto, ila pumzi iwe ya mtoto mwenyewe. Ukitaka nicheke, nina deni la kuchekwa. Lakini lete jiwe. Sitaling'arisha, sitalibandika kitu, nitalifunga kwenye kitambaa ili hata macho yangu ya ufundi yasilione. Siku utakayorudi, mwaka wowote, ukiwa mwalimu au ukiwa umefukuzwa kwa mdomo kama wa baba yako, tutakwenda wote ulitoe.

Nimelilaza la mama yako hapa kwenye sahani ya mchanga mkavu, karibu na mkono wangu. Nimelifuta na shati. Limelowa tena. Nimelifuta tena, na naandika mstari huu huku mchanga kandokando yake unabadilika rangi. Nilitaka uje ulishike uniambie wewe mwenye akili za shule, baridi hii ni ya mtu aliyekwisha, au ni ya mtu aliyetembea kwenye umande.

Nasikia sasa kicheko chako kule barabarani, na bibi yako akikukemea. Mnakuja. Mbwa wa Baba Denisi anawajua nyie wawili, tangu azaliwe hajawahi kuwabwekea.

Anabweka. Basi mko watatu.

Naacha kalamu hapa, mwanangu. Nakwenda kufungua mlango.

Baba yako